Msamaha wa Kilomita Mia Tatu

Madereva walimwita Taratibu, na jina hilo hawakumpa kwa kejeli. Kwa miaka ishirini na sita aliendesha lori la tani saba kutoka mji wa mkoa hadi vijiji vya mwisho wa barabara, akibeba unga, sabuni, mabati na maboksi ya dawa za zahanati, na hakuwahi kulipindua hata mara moja. Alianza kama mpakiaji. Dereva aliyekuwa akisafiri naye alikuwa na macho mabovu, na siku moja alichoka kujifanya anaona, akamwachia usukani. Shule yake ikawa hiyo: usukani, mashimo na matusi ya yule mzee. Leseni aliipata baadaye, kwa ofisa aliyekuwa akija mara moja kwa mwaka, ambaye alimwambia azunguke uwanja wa mpira bila kugonga goli.

Kwao barabara ni moja. Kituo cha mafuta ni kimoja, na pampu ikigoma mafuta huuzwa kwa madumu. Taa za kuongozea magari watoto huziona kwenye kitabu cha darasa la pili na kuuliza ni za nini.

Ndipo ikaja sheria mpya. Kila anayeendesha gari kubwa la biashara apitie chuo cha udereva kwa wiki sita na atoke na cheti, la sivyo leseni yake haihuishwi. Chuo cha karibu kilikuwa kilomita mia nne na themanini. Ndani ya mwezi mmoja madereva wanane waliegesha magari, na rafu za maduka zikaanza kuonyesha mbao zake. Muuguzi wa zahanati alikuwa akiwapa wagonjwa nusu ya vidonge na kuwaambia warudi gari likifika.

Kamati ilipokuja mji wa mkoa kusikiliza malalamiko, watu wa kwao hawakubishana nani aende. Taratibu alivaa shati lake la harusi, akasimama mbele ya kipaza sauti, na aliyoyasema yaliandikwa yote.

"Waheshimiwa, kwetu barabara ndiyo chuo. Ukifeli mtihani wake hurudii darasa, unazikwa. Mimi nimefaulu kwa miaka ishirini na sita. Leo mnataka nikafundishwe kuendesha na mtu ambaye hajawahi kutoa gari kwenye tope?"

Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi. Mwenyekiti wa kamati alimwita pembeni na kumshika mkono.

Msamaha ulitoka baada ya miezi minne, wa muda maalumu. Anayeishi zaidi ya kilomita mia tatu kutoka chuoni hatalazimika kwenda. Atajaza fomu, aigongeshe muhuri kwa mtendaji wa kata, na dereva mwenye uzoefu atie sahihi kwamba amemfundisha na kumpima. Mwenye uzoefu kwao alikuwa nani kama si Taratibu? Mwaka ule alitia sahihi fomu kumi na tisa. Watu walimletea kuku, na wenye maduka walimwita mbunge.

Fomu ya kumi na mbili ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Huyu alikuwa fundi cherehani, mtu wa mkono mwepesi na maneno machache, aliyeshona sare za shule mpaka nguo za mitumba na sare za kiwandani zilipomnyang'anya wateja. Cherehani ilikaa barazani imefunikwa kanga. Aliposikia kwamba sasa mtu anaweza kuwa dereva bila kwenda chuo, alimfuata Taratibu na kumwomba amshike mkono.

Taratibu alimfundisha wiki tatu, kwa moyo wote. Alimwonyesha jinsi ya kusoma tope kabla ya kuingia, jinsi ya kusikiliza injini inapolalamika, jinsi ya kupishana na ng'ombe bila kuwatia wazimu. Akamfundisha na lile ambalo kila dereva wa njia ile alilijua: kwenye mteremko, tia gia huru, gari liteleze lenyewe, injini ipumzike, dizeli ibaki. Mguu uwe juu ya breki, ukandamize kidogo tu, usiutoe mpaka chini. Shemeji alishika haraka kama mtu anayeshona pindo.

Siku ya sahihi, dada yake ndiye aliyeleta fomu. Akasimama akimtazama kaka yake akiweka alama ya vema kwenye visanduku.

"Kaka, amejua kweli, au unamjazia kwa sababu ni wetu?"

"Amejua kuliko mimi nilivyojua wakati wangu," akamjibu, na hakuwa anadanganya. Kisanduku kimoja kiliuliza kuhusu mafunzo ya breki za upepo. Lori lake lilikuwa na breki za mafuta, na hajawahi kuendesha jingine. Breki ni breki, alisema moyoni. Akaweka vema.

Mwaka haujaisha, tajiri wa bohari, aliyemwajiri Taratibu, alinunua malori mawili ya tani ishirini na nane, yenye breki za upepo. Moja alimpa Taratibu, akalikataa; alisema lake amelizoea kama kandambili. Basi akapewa shemeji. Yule fundi aliosha lile gari kila Jumapili, na mkewe akaanza kuitwa mama dereva. Miezi mitano alikwenda na kurudi bila mkwaruzo, nusu ya mzigo kila safari, kwa sababu barabara ilikuwa na maji. Kiangazi kilipokomaa tajiri akasema sasa lijazwe. Likajazwa saruji.

Saa nne asubuhi Taratibu alikuwa akipanda mteremko mrefu na gari tupu, ndipo alipoona moshi upande wa bondeni. Mwanzoni alidhani wachoma mkaa. Kisha akaona alama za matairi zikikatiza barabara kwenye kona ya tatu na kupotea ukingoni, na mifuko ya saruji imepasuka mteremko mzima, miti imekuwa myeupe. Alishuka kwa kujishikilia kwenye mizizi. Ndani ya kabini walikuwa wawili: shemeji yake, na mwalimu wa darasa la tatu aliyeomba lifti akitoka mjini kuchukua mitihani. Hakuna aliyekuwa hai.

Alifanya kile ambacho dereva yeyote angefanya bila kufikiri: aliingiza mkono dirishani akashika gia. Ilikuwa huru. Ikacheza mkononi mwake kama jino lililolegea. Magurudumu yalikuwa ya moto kiasi kwamba aliusikia ukali wake usoni, na harufu yake haikuwa ya mpira peke yake.

Askari wa barabarani aliandika mwendo kasi, akafunga daftari. Taratibu, aliyekuwa amesimama pale, hakumtajia ile gia. Msibani watu walisema siku ya mtu ikifika imefika, naye akaitikia pamoja nao. Alichimba kaburi, alipokea wageni, aligawa chai. Dada yake alimlilia begani mwake, naye akamshika, na wakati wote huo mkono wake wa kulia ulikuwa unaikumbuka ile gia.

Lori la pili lilibaki, na kampuni ya bima ya tajiri ikakataa kulikatia bima mpaka dereva wake awe na cheti cha chuo, msamaha au hakuna msamaha. Kampuni ya bima haikuwa na habari na kilomita mia tatu. Tajiri akamwambia Taratibu kwamba safari hii hamwombi. Kwa hiyo, akiwa na miaka hamsini na mitatu, alipanda basi na begi moja, akaenda kukaa kwenye dawati lililombana magoti, katikati ya watu wa umri wa wanawe.

Mkufunzi wa breki alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini, mwenye miwani na ovaroli safi. Alikata ngoma ya breki, lile bakuli la chuma la ndani ya gurudumu, katikati ili waone ndani, akaiweka juu ya meza. Somo lenyewe halikuchukua hata nusu saa.

Aliwaambia kwamba breki ni msuguano na msuguano ni moto. Ukikandamiza kidogo kidogo mteremko mzima, ngoma inapata moto na kutanuka, vitambaa vya breki vinaungua, na itafika mahali utakanyaga mpaka mwisho na gari halitakusikia. Lori dogo lenye mzigo mdogo linaweza kukusamehe mara mia. Lori zito halisamehe. Kulizuia mlimani ni kazi ya injini: unaingiza gia ndogo ukiwa bado juu, kabla hujaanza kushuka, ukichelewa haiingii tena. Breki unakanyaga kwa nguvu, kwa muda mfupi, unaachia zipoe.

Taratibu alinyoosha mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu aanze chuo.

"Mwalimu, na mtu akishuka na gia huru?"

"Huyo hashuki, mzee wangu," akasema yule mkufunzi. "Huyo anaanguka, ila bado hajajua."

Darasa lilicheka. Mkufunzi hakuwa na nia mbaya. Alisema kama alivyosema kila muhula. Taratibu alifunga daftari, akaomba ruhusa, akatoka nje na kukaa juu ya rundo la matairi chakavu nyuma ya karakana. Alikaa mpaka kengele ya saa saba. Kilichomchoma hakikuwa ujinga wake peke yake. Ni ule udogo wa jambo lenyewe. Kama lingekuwa somo la mwaka mzima, la hesabu na vitabu, angejipa moyo. Lakini lilikuwa jambo ambalo mtu angeweza kuambiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi, na chai isipoe.

Alipata cheti. Alirudi, na siku ya pili alikwenda kwa dada yake, akamkuta uani anachambua mchele. Alimweleza yote: gia, moto, kisanduku alichokiwekea vema. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameyaficha mwaka mzima. Dada yake hakuinua uso. Vidole viliendelea kutoa mawe mpaka akamaliza kusema.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemfundisha kufa," akasema.

"Sikujua, mdogo wangu. Nisamehe."

"Msamaha?" Akaweka ungo chini. "Msamaha si mliuomba huko mjini, mkapewa, mkapigiwa makofi? Mimi hapa sina mwingine wa kukupa."

Mwaka uliofuata msamaha ulikuwa unafikia mwisho wake na kamati ikaja tena. Safari hii hakuna aliyemtuma, alijipeleka. Alisema kwamba msamaha umeua watu wawili na utaua wengine. Hakuomba watu wa mbali wafukuzwe barabarani. Aliomba mkufunzi mmoja apande gari na ile ngoma iliyokatwa, aende kwao wiki mbili kila mwaka. Karani akafungua jalada akamsomea maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, kuhusu barabara na chuo, na akamuuliza kwa adabu ni yapi kamati iandike, yale au ya leo.

"Andika ya leo," alisema Taratibu. "Yale aliyasema mtu asiyejua."

Walimshukuru. Kuhusu mkufunzi wa kusafiri, walimwambia bajeti haina fungu hilo.

Habari ilimtangulia nyumbani. Mwenye duka aliyewahi kumwita mbunge sasa alimuuliza mbele ya watu kama anataka watoto wale mbao za rafu. Muuguzi, ambaye Taratibu alidhani atamwelewa kuliko wote, alimwambia waziwazi kwamba yeye amezika wawili wa lori lakini amezika sita wa dawa zilizochelewa, na kwamba hataki kuchagua, ila akilazimishwa atachagua magari yaje. Taratibu alijua hesabu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana ilimuuma zaidi.

Msamaha uliongezwa miaka mitano. Nakala ya uamuzi ilibandikwa ofisini kwa mtendaji, na katika aya ya pili ilitajwa kwamba kamati imezingatia ushuhuda wa dereva wa muda mrefu wa eneo husika, aliyeieleza barabara kuwa ndiyo chuo. Ushuhuda wa pili haukutajwa.

Yeye aliacha kutia sahihi. Aliyetaka kupimwa, Taratibu alimwambia apande gari, wafike juu ya mteremko, na amweleze kinachotokea ndani ya gurudumu. Watatu walikuja. Wengine walikwenda kwa dereva mwingine wa bohari, ambaye alitia sahihi akiwa amekaa kwenye benchi lake, injini haijawashwa.

Lori la tani ishirini na nane analiendesha bado. Kila mwisho wa mwezi hushusha gunia la unga kwa dada yake. Dada hulipokea, kwa sababu watoto wanakula. Akimkuta mlangoni, na kama kuna majirani wanaotazama, humwamkia shikamoo kama mdogo anavyopaswa kumwamkia kaka yake. Naye huitika marahaba. Kisha dada huvuta gunia ndani, hata likiwa zito, na hakubali kusaidiwa.