Liwa na Maganda ya Korosho

Hata leo nikisikia harufu ya liwa, pua yangu husubiri moshi wa maganda ya korosho ufuate. Usipofuata, naona kama kuna kitu kimesahauliwa. Wanangu hunicheka. Nawaambia wacheke tu, wao hawakuwepo.

Mwaka aliofariki baba nilikuwa mtoto wa chuoni, chuo cha Kurani, ndiyo kwanza naunganisha herufi. Mama alikaa eda katika nyumba yetu ya Pande: nguo nyeupe zilizopauka, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kutoka bila haja. Nilipomuuliza itakwisha lini, alinijibu, "Korosho zikianza kuanguka." Basi kila asubuhi nikawa nakwenda kuchungulia mikorosho nyuma ya nyumba, na mikorosho ile haikuwa na haraka na mtu.

Na kisimani nako nilisikia maneno. Wanawake walimsema mjane mmoja aliyejitia manukato ndani ya eda. Wakwe wakamrudisha kwao, watoto wakabaki upande wa baba. Mama yangu kwao ni Kipatimu, huko milimani. Upande wa baba alikuwepo shangazi, wa Mitwero, mwanamke mrefu wa maneno machache, ambaye hata msibani sikumwona akitoa chozi. Nilimwogopa kuliko mwalimu wa chuo, na mwalimu alikuwa na bakora.

Siku moja natoka chuoni, nikamwona shangazi kwa mbali, anakuja kwenye njia ya nyumbani, kanga imemfunika mikono yote miwili. Nikatoka mbio nipitie uani, nimwahi. Nilipofika mlangoni nikaganda. Nyumba ilikuwa inanukia liwa.

Nilisogeza pazia kidogo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, nywele zimelowa. Mbele yake palikuwa na kijiwe chenye liwa iliyosagwa kwa maji, na kile kioo kidogo cha baba cha kunyolea, kimeegemezwa kwenye sanduku. Alichovya kidole. Akagusa kipaji cha uso, akajitazama. Akagusa shavu, tena pembeni yake, tena chini yake, taratibu, mpaka vidoa vya manjano vikaanza kufuatana kutoka chini ya jicho hadi karibu na sikio. Tone la maji likamtiririka shingoni, hakulifuta. Kwenye kisigino niliuona ule ufa wake ninaoujua. Kidole kidogo cha mguu kilikuwa kinagonga sakafu polepole, kama anasikiliza ngoma ya mbali. Kwa kila kidoa, uso wa mama niliyekuwa nimempoteza ulirudi kidogo. Alikuwa mzuri, jamani! Nami nilikuwa nakufa kwa hofu, maana korosho haikuwa imeanguka hata moja.

Kumwambia afute niliona haya, angeniuliza nimejuaje. Nikakimbilia jikoni. Kulikuwa na kikapu cha maganda ya korosho ya msimu uliopita, na makaa mekundu mekoni. Nikayamwaga yote.

Mliowahi kuchoma korosho mnajua. Moshi ule mweusi, mkali, ulijaa jikoni, ukavuka ua, ukaingia ndani bila hodi. Mama akatoka anakohoa, vidoa vinamchuruzika. Mara mlango wa mbele ukafunguka.

"We Somoe! Unataka kutuua?"

Alikuwa shangazi. Kanga ilimdondoka, na mikononi nikaona amebeba chetezo.

Nikaangua kilio. "Shangazi, usimrudishe mama Kipatimu! Hajajitia kitu, harufu ni ya moshi tu!"

Wakatazamana.

"Nani amrudishe?" shangazi akasema. "Eda imekwisha, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwogesha, wewe uko chuoni. Liwa nimeileta mimi. Hapa nimetoka kuazima chetezo kwa jirani, tumfukize udi. Mama yako haendi popote. Hapa ni kwake, na wewe ni wake."

"Na korosho?"

Hapo mama akacheka. Alicheka huku anakohoa, ameshika kiuno, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. "Korosho mwaka huu zimechelewa, mama."

Nikakaa chini palepale uani. Sijapata tena maishani kufurahi hivyo kwa kukosea.

Shangazi alimwagia makaa maji, kisha akaenda kukichukua kijiwe, akachovya kidole aanze kumtengeneza upya mama uso. Mkono ukamsita shavuni. Nikaona wamekumbatiana, wote wawili machozi yanawatoka. Kwa kuwa moshi ulikuwa wangu, nilichukua ungo nikaanza kuwapepea. Nilipepea mpaka hewa ikatakata, mpaka mikorosho ikaonekana vizuri nyuma ya ua, nao bado wanalia. Nikajisemea moyoni kwamba watu wazima wana macho mabovu.

Nilikuwa mama wa watoto wawili nilipoelewa kwamba siku ile shangazi alipata moshi wa kusingizia, akamlilia kaka yake.