Mlango wa Mzee Kumazo

Nyinyi mnaomwaga chai mkijaza kikombe, kaeni kando kidogo. Hapa anasemwa Bi Matsuyo. Kwa miaka arobaini na miwili, katika karakana moja ya vyombo vya kaure mjini Arita, kazi yake ilikuwa kujaza buluu. Mzee Kumazo akishachora mistari juu ya sahani ya kaure, Matsuyo alishika brashi yake nene kama kitunguu, imelowa rangi iliyokorogwa kwa maji ya chai, akaachia dimbwi ndani ya ua lililochorwa, akalizungusha hadi ukingoni, kisha akalinyonya kwa brashi ile ile. Tone likivuka mstari, kwisha. Udongo uliochomwa mara moja hunywa kama mlevi, wala haurudishi.

Sasa Kumazo alikuwa mtundu. Katika kila sahani aliacha mstari mmoja haujafungwa, upenyo wa punje ya mchele.

"Bi Matsuyo! Mlango uko wazi, paka atatoka!"

"Paka wangu ana adabu kukushinda. Chora, mzee, acha domo!"

Na paka, yaani ile buluu, hakutoka. Hata siku moja.

Kumazo alipofariki aliacha sahani moja kubwa ya makomamanga, mistari mitupu. Mjane wake, Kikue, aliitaka kwa sikukuu ya wafu, iwekwe mbele ya picha ya marehemu. Lakini tangu baridi iliyopita mikono ya Matsuyo ilikuwa ikitetemeka. Aliificha chini ya aproni, akidhani haonekani.

"Dada, kama huwezi, sema tu," Kikue akamwambia.

"Nani kasema siwezi?"

Akaigeuza sahani dirishani, akiutafuta mlango. Komamanga la kwanza limefungwa. La pili, la tatu, majani yote: kumefungwa. Akaiweka chini polepole.

"Kumbe aliiona mikono yangu. Amenihurumia! Mzee mshenzi, amenihurumia!"

"Alisema mtu akizeeka afungiwe milango, asipigwe na baridi."

"Baridi yake mwenyewe!"

Matsuyo akachukua kisu cha kukwangulia makosa, akaukwangua mstari wa komamanga la kati, upenyo wa punje ya mchele. Kikue akafumba macho.

Brashi ikashuka. Mkono ukatetemeka, dimbwi nalo likatetemeka, likafika mlangoni, likavimba.

"Kaa," Matsuyo akanong'ona. "Kaa hapo, mwanangu." Akalinyonya.

Kabla ya moto rangi ile ni kijivu kama maji ya kuoshea sufuria. Ukweli hutoka tanurini. Walipoitoa sahani, buluu ilikuwa ile ile ya siku zote, nzito katikati, nyepesi pembeni. Mlangoni palipita kitu chembamba kama uzi.

Kikue akainama. "Ametoka?"

"Mkia tu."

Siku ya sikukuu Matsuyo mwenyewe aliiweka sahani mbele ya picha, upande wa mlango ukimwelekea Kumazo.

"Haya, mzee," akasema, mikono yake nje ya aproni. "Cheka sasa."