Siku Niliyofika Kanisani na Nusu ya Jipu

Jamani, hii aibu mimi nilishaizika, nikaifukia na udongo juu, lakini juzi nimekaa kwa kinyozi hapa Same mjini nikamsikia mtu nisiyemfahamu anaisimulia, tena anaisimulia vibaya, eti bibi harusi ndiye aliyeanguka, nikaona hapana, kama ni kuchekwa basi nichekwe kwa mambo ya kweli. Bibi harusi hakuanguka. Aliyeanguka ni bwana harusi, na hakuanguka peke yake.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi (nauza misumari, nauza nati na bolti za kila saizi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote), na pia nina ugonjwa wa magari ya jeshi ya zamani. Jipu langu nililinunua likiwa gofu nyuma ya gereji moja, majani yameota mpaka kwenye kiti cha dereva. Injini ilikuwa nzima, chesisi, yaani ile mifupa ya chini ya gari, nzima, ila bodi yote imeliwa na kutu, ukiigusa unabaki na unga mkononi. Kumbe duniani huko kuna watu kazi yao ni kutengeneza bodi mpya za magari hayo, wanakunja bati upya kwa kuiga lile la asili, boneti, milango, madigadi, mpaka lile sanduku la nyuma ambamo askari walikuwa wanakaa kwenye mabenchi wakitazamana. Nikaagiza. Yakaja makreti kwa makreti, nikafungua pale uani, nikakaa nayapapasa yale mabati mpaka mke wangu Nakiete akaniuliza, "Baba Neema, mimi mara ya mwisho kunishika hivyo ilikuwa lini?"

Mimi nilikuwa natafuta msasa.

Rangi ya jeshi sisi raia haturuhusiwi kuichezea, kwa hiyo nikapaka rangi ya krimu, nikaisugua, nikaipaka tena, ikawa inang'aa kama kikombe kipya. Boneti ilikaa vizuri. Milango ilikaa baada ya kubembelezwa. Sanduku la nyuma likagoma. Matundu yake na matundu ya chesisi yalipishana kwa upana wa kidole gumba, yaani bolti haiingii hata uisukume na nyundo. Dawa yake inajulikana, unachukua drili, unatoboa matundu mapya, unapitisha bolti, unakaza, mambo yamekwisha. Lakini nikalitazama lile bati, rangi ndiyo kwanza imekauka, moyo ukakataa kabisa. Nikajisemea nitalitoboa baada ya harusi, kwanza watu wapige picha. Nikachukua vibano viwili vya seremala nikabana nyuma, mbele nikazungushia waya wa kufungia nondo, nikalitikisa, likatulia.

"Hili haliendi popote," nikasema kwa sauti, peke yangu.

Sasa harusi yenyewe ilikuwa ya shemeji yangu Elisante, mdogo wake Nakiete, anaoa kule Mamba, juu milimani wanakolima tangawizi, na aliyejipendekeza kumpeleka bwana harusi kanisani kwa jipu ni mimi. Hakuna aliyeniomba. Ukweli ni kwamba baba mkwe wangu kwa miaka yote hiyo alikuwa analiita jipu langu banda ("mkwe, lile banda lako limefikia wapi?"), na mimi nilitaka siku hiyo, mbele ya ukoo mzima na wakwe wapya, alione linaingia kanisani limembeba mwanawe, ayameze maneno yake bila maji.

Watu walitangulia na kosta, Nakiete akiwa kati yao. Nyuma ya jipu akapanda Elisante na suti yake nyeupe, mpambe wake, na shangazi Nanzia, dada wa baba mkwe, mama mwenye mwili wake na kauli zake, ambaye aliikataa kosta waziwazi akasema hajashona gauni lile ili likae gizani. Turubai nilikuwa nimelitoa ili waonekane vizuri. Mbele, kiti cha pembeni yangu, tukaweka keki ya ghorofa tatu, nikaifunga mkanda. Wanawake wa kamati nao walikuwa wamepamba gari kwa maua na riboni mpaka vioo vyote vya kutazamia nyuma vikawa mashada, nikawaza kuviondoa, nikaona nitawaudhi.

Tambarare ya Kisiwani tuliipita kama wafalme, watu wanasimama kando ya barabara wanapunga mikono. Tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu unateleza, mimi jicho moja barabarani na jingine kwenye keki. Tukafika kwenye kona moja kali yenye mwinuko mbaya, nikatia gia ya nguvu, injini ikanguruma (bomba la moshi la kuzuia kelele lilikuwa bado halijafika kutoka huko nilikoagiza, kwa hiyo hiyo kelele msiulize), gari likaruka kidogo, halafu ghafla likawa jepesi. Jepesi kabisa! Linapanda utadhani linashuka. Nikaupiga usukani kofi kwa furaha nikapiga kelele, "Ehee! Mnakiona chuma hicho?"

Hakuna aliyejibu, na mimi nikaona ni kwa sababu ya mshangao.

Kidogo simu ikaita, natupia jicho, naona jina la Elisante. Nikacheka sana. Mtu umekaa mgongoni kwangu unanipigia simu! Nikajua huyu ana haraka na mke wake, anataka niongeze mwendo, nikampigia honi ya kumjibu, nikakanyaga mafuta. Simu ikaita tena. Nikaongeza tena. Yaani kila alivyozidi kupiga, mimi nilizidi kumwacha.

Nikaingia uwanja wa kanisa kwa honi ndefu. Jamani, yale mapokezi! Bendi ya tarumbeta ya usharika ikalipuka, akina mama wakapiga vigelegele, kanga zikatandikwa chini. Nikazima injini, nikashuka taratibu, nikafunga kifungo cha koti, nikaanza kutembea kuelekea nyuma ya gari huku uso nimewageuzia watu wa kamera, natabasamu, mkono nimeunyoosha kufungua mlango wa nyuma ili bwana harusi ashuke.

Mkono ukashika hewa.

Nikapapasa. Hewa. Ndipo nikageuka, nikaona matairi mawili, springi, difu limejaa matope, na kibano kimoja cha seremala bado kimeuma chesisi kwa uaminifu mkubwa, hakijabana kitu chochote.

Bendi haikunyamaza kwa pamoja. Walinyamaza mmoja mmoja kadiri walivyokuwa wanaona, na yule mwenye tarumbeta kubwa kuliko zote, ambaye alikuwa anapiga macho ameyafumba, aliendelea peke yake kwa muda, bum, bum, bum, mpaka mwenzake akamgusa bega.

Nakiete akanijia. "Baba Neema, mdogo wangu yuko wapi?"

"Alikuwepo."

"Alikuwepo wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ipi?"

Hapo hapo akafika Mzee Mmbaga, baba mkubwa wa bibi harusi, msemaji wa upande wao, amevaa suti na kofia, fimbo mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia marahaba akiwa anaizunguka chesisi polepole kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Kwa hiyo," akasema, watu wote wanasikia, "huyu kijana wenu ameshindwa kuoa, akaona akimbie na nusu ya gari?"

"Hapana mzee, hajakimbia, ame..."

"Ame nini?"

Ndipo akili iliponirudia nikakumbuka kwamba chini ya ile kona kuna korongo. Hapo aibu yote iliniisha, nikabaki na hofu tupu. Nikaona suti nyeupe imetapakaa kwenye mawe, nikamtazama Nakiete nikajua na yeye anawaza hilo hilo, kwa sababu aliacha kuniuliza maswali. Ndani ya kanisa bibi harusi alikuwa ameshaanza kulia. Baba mkwe alisimama pembeni, kofia ameivua.

Simu ikaita. Safari hii ilikuwa shangazi Nanzia.

"Mkwe, umefika?"

"Shangazi! Mko hai?"

"Nakuuliza wewe, umefika?"

"Nimefika, shangazi."

"Hongera sana. Sisi tuko kwenye migomba ya watu, tumekaa. Tunakusubiri."

Nikalia pale pale, mtu mzima, mbele ya bendi. Kumbe ile kona gari lilivyoruka, waya ulikatika, sanduku likateleza kinyumenyume na abiria wake, likapanda ukingo wa nyasi upande wa juu, upande wa mlima na siyo wa korongo, likaingia shambani polepole na kutulia kwenye migomba. Hakuna aliyechubuka. Hata maua hayakudondoka.

Nikawasha gari niwafuate. Mzee Mmbaga akapanda naye, hakuniomba ruhusa, akasema, "Wewe nisipoandamana nawe utapotea mwenyewe," na kwa kuwa kiti kilikuwa na keki na kila mtu alikuwa amesahau kuitoa, akaipakata magotini, ghorofa zote tatu, fimbo ameibana kwapani.

Hatukufika mbali. Kwenye sehemu moja nyembamba, mlima huku na korongo huku, tukakutana na lori linapanda kufuata tangawizi. Na juu ya lori, katikati ya wapakiaji waliosimama kama walinzi, lilikuwepo sanduku langu la krimu, limekaa vizuri, na ndani ya sanduku amekaa Elisante, amekaa mpambe wake, na amekaa shangazi Nanzia, mkoba magotini, anatazama mbele.

Dereva, Bwana Rajabu, mtu wa Kihurio, akatoa kichwa dirishani akicheka mpaka machozi. "Mwenye gari ndiye wewe? Mimi nimemwomba mama ashuke tupandishe bati peke yake, amekataa! Kasema ameambiwa atashushwa kanisani, hawezi kushukia kwenye migomba. Ikabidi vijana wambebe humo humo."

"Shemeji," Elisante akaniita kutoka juu, sauti ya upole kabisa, "ulikuwa unanipigia honi ya nini?"

Nikajifanya sijasikia. Shida nyingine ikawa barabara. Lori haliwezi kurudi nyuma kwenye ule mteremko, kugeuza hakuna nafasi, kwa hiyo ikabidi mimi ndiye nirudi kinyumenyume mpaka kanisani, lori linanifuata pua kwa pua. Na niseme ukweli, tangu nianze kuendesha sijawahi kuona nyuma vizuri kama siku ile. Hakukuwa na kitu cha kunizuia.

Basi ndivyo tulivyoingia. Kwanza inaingia chesisi kwa makalio, Mzee Mmbaga na keki yake, halafu lori, na bwana harusi juu angani. Bendi ikaanza upya (yule wa tarumbeta kubwa safari hii macho wazi). Wapakiaji wakalishusha sanduku mpaka mlangoni pa kanisa, shangazi akapewa mkono, akashuka, akanyoosha gauni, akasema, "Sasa ndiyo nimefika."

Ndani nako mambo hayakuisha, maana mchungaji alipomuuliza Elisante kama amekuja kwa hiari yake mwenyewe, kijana kwa kuchanganyikiwa akajibu, "Nimekuja kwa lori, mchungaji," kanisa zima likaangua kicheko, mpaka bibi harusi aliyekuwa bado ana machozi akacheka chini ya shela.

Baba mkwe alisubiri mpaka kwenye sherehe. Akapewa kipaza sauti, akashukuru wageni wote, akamshukuru Bwana Rajabu, kisha akanitafuta kwa macho. "Na mkwe wangu naye namshukuru," akasema, "ametuletea keki salama."

Mpaka leo napokea simu. Wiki iliyopita kanipigia kijana wa Usangi, ameona picha kwenye simu ya mtu, anataka kujua ile huduma ya bwana harusi kukaa kwenye nusu gari juu ya lori inapatikanaje. Nikamwambia amekosea namba.

Sanduku nimeshalifunga kwa bolti, na kubeba maharusi nimeapa kuacha, sibebi tena hata kama anayeoa ni mimi mwenyewe. Na sheria ya nyumbani ni kwamba tukitoka na jipu anaendesha Nakiete, nyuma nakaa mimi. Jumapili iliyopita tulipanda nalo Mamba kuwasalimia maharusi, nimeshikilia bomba la turubai kwa mikono yote miwili, na kila tukimaliza kona mke wangu anapaza sauti bila kugeuka, "Baba Neema, upo?"

"Nipo."