Imebaki Prosesa Tu

Siku tuliyomzika mwanangu, jirani yangu Mnyamwezi alilikalia sanduku la kompyuta ya marehemu mlangoni kwangu na kukataa kuondoka.

Mimi ni Mzaramo. Asiyejua ataona ni utovu wa adabu, lakini Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu, na mtani akija msibani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa damu hana. Anaweza kuvaa shati la marehemu akaiga mwendo wake. Anaweza kushika kitu chochote cha marehemu na kusema hakitoki mikononi mwake mpaka kikombolewe. Huyu wa kwangu ni mama anayeuza viazi na vitunguu soko la Buguruni, na nyumba yake iko nyuma ya yangu hapa Tabata. Alichagua lile sanduku jeusi lenye ubavu wa kioo, akalikalia kama kigoda, akawauliza wajomba zangu tangu lini Mzaramo akatengeneza kompyuta, ilhali hata viwanja walivyoachiwa na baba zao waliviuza vyote wakabaki na ngoma. Watu walicheka, hata waliokuwa wanalia. Mie sikucheka. Katika pilika za kwenda makaburini hakuna aliyekumbuka kumkomboa, naye jioni akaondoka nalo kichwani.

Mwanangu alikuwa fundi simu. Alifariki kwa ajali ya bodaboda akirudi kazini, na juu ya hilo sina la kuongeza. Ile kompyuta alikuwa akiijenga kwa ajili ya kucheza gemu, yeye na dada yake, na aliijenga kama watu wanavyojenga nyumba huko Goba: mwezi huu tofali, mwezi ujao nondo, halafu kimya mpaka mfuko upumue. Alianza na sanduku kwa sababu lilikuwa zuri. Nikamwambia umenunua mlango kabla ya msingi, akacheka. Baadaye akaleta pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme, kisha madabodi, ubao mpana ambao vitu vingine vyote huchomekwa juu yake. Akavifunga ndani kwa skrubu. Tangu hapo kila nikiuliza lini itawaka, jibu lilikuwa moja: "Imebaki prosesa tu, mama." Prosesa ndiyo ubongo wa mashine, alinieleza. Aliniambia hivyo kabla ya Ramadhani, akaniambia hivyo baada ya Idi, na Idi nyingine ikaja ikapita. Nikaacha kuuliza.

Baada ya mazishi watu waliendelea kuja. Kila aliyekaa mkekani alimsifu. Mpole, mtulivu, msikivu, fundi asiyekosea. Niliitikia na kushukuru, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, nao walikuwa na nia njema. Lakini ilipofika arobaini nilikuwa namsikiliza kijana wa watu nisiyemfahamu. Nikilala najaribu kumkumbuka wangu, ananijia yule wa mkekani. Nilianza kuogopa. Nikajiambia kwamba kitu pekee alichokichagua mwenyewe, kwa akili yake na jasho lake, ni ile kompyuta, na nitaimalizia kama alivyoianza, bila kutoa humo hata skrubu moja. Nikamwambia binti yangu hivyo hivyo: tutaongeza, hatutatoa.

Mtani aliileta mwenyewe khitma ilipokwisha. Alilitua sanduku barazani karibu na cherehani yangu, akalalamika kwamba amengoja kukombolewa mpaka amechoka, tena ni kabati gani hili lisilo na rafu, hata sufuria ya wali haikai ndani. Nikamweleza ninachotaka.

"Twende Buguruni," akasema. "Lakini nabeba mie. Wewe utaliuza njiani."

Nikamjibu kwamba nilijua atataka kubeba, maana Wanyamwezi walikuja pwani na mizigo kichwani na mpaka leo hawajapata pa kuitua.

Vifaa vipya hatukuviweza. Binti yangu, ambaye yuko chuo na ndiye anayevijua hivi vitu, alikuwa amepiga simu maduka ya Kariakoo akapewa bei, akakata simu kwa adabu. Akasema Buguruni yuko fundi anayenunua kompyuta zilizochakaa maofisini, anazivunja na kuuza vipande vyake. Tukamkuta kwenye fremu nyembamba ya duka iliyojaa waya na mafeni. Alikuwa kijana wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Akatuamkia shikamooni mama zangu, akauliza kama tunataka mashine ya stesheneri au ya kutunzia hesabu za kikoba.

"Ya gemu," akasema mtani. "Huyu mama anataka kukimbiza magari."

Fundi alimtazama binti yangu kama anayetafuta mtu mzima wa kuzungumza naye.

Tulianza na kadi ya picha, ile inayofanya gemu lionekane vizuri kwenye skrini. Kulikuwa na mbili tulizozimudu. Moja ilikuwa kubwa, ina feni mbili na taa za rangi, na binti yangu alishaishika kifuani. Nyingine ilikuwa fupi na kimya. Mimi kompyuta siijui, lakini nimeshona sare za shule miaka mingi, na nguo ya mtumba nikiinunua naigeuza kwanza. Nikaigeuza ile kubwa. Mgongoni ilikuwa imebadilika rangi kama kitambaa kilichounguzwa na pasi, na mafuta yamegandia kwenye kona. Nikamuuliza fundi ilikuwa inafanya kazi gani. Alikuwa mkweli: ilikuwa kwa mtu aliyeiwasha mchana na usiku bila kuzima. Mtani akasema basi huyo ni mwanamke aliyeolewa na watu wengi, kapambwa ili aolewe tena. Tukachukua ile fupi. Binti yangu aliirudisha ya taa mezani polepole, kama mtu anayemwaga mchumba.

Kwenye RAM, vile vibao vidogo vya kumbukumbu, fundi alishauri tuchukue viwili vya wastani kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu vikisaidiana kazi inakwenda haraka zaidi. Mtani alifurahi sana. Alisema nyie watu wa pwani hamna dogo, hata mashine mnaiozesha wake wawili. Halafu akataka kujua kama wale wake wanalingana, asije mmoja akapewa zaidi. Fundi alijibu kwa uso mkavu kwamba ndiyo, ni vizuri walingane, la sivyo mashine inasumbua. Mtani alikaa chini kwa kucheka.

Nadhani hapo nami nilikuwa nakaribia kutabasamu. Imebaki prosesa tu, nikawaza.

Fundi akafungua ubavu wa sanduku, akashusha miwani, akang'oa kifuniko cha plastiki katikati ya madabodi, mahali inapokaa prosesa. Akainama. Akawasha tochi ya simu. Akachukua lenzi ya kukuzia, akainama tena, na muda ukapita.

"Mama," akasema, "huu ubao haupokei prosesa."

Akanipa lenzi. Pale katikati palikuwa na vipini vya dhahabu vidogo kuliko ncha ya sindano, vingi mno, vimesimama kwa mistari iliyonyooka ambayo mimi kwa cherehani nisingeiweza. Kwenye kona moja vilikuwa vimelala, kama mpunga uliopitiwa na ng'ombe. Vingine vimekatika kabisa. Fundi akaeleza kwamba prosesa haisukumwi. Unailaza tu, inatua kwa uzito wake. Aliyefanya hivi aliikosesha nafasi yake, halafu akabonyeza kwa dole gumba.

Binti yangu aliangalia sakafu. Ndipo aliposema kwamba ipo Jumapili moja kaka yake aliazima prosesa ya rafiki yake ili ajaribu, akajifungia chumbani. Alipotoka alisema ile prosesa ni feki. Toka siku hiyo wimbo ukawa ule ule.

Fundi, kwa heshima, akajaribu kunisitiri. Akasema huenda marehemu aliuziwa ubao ukiwa hivyo hivyo, mtu mwenye ufundi wake asingefanya kosa la namna hiyo. Nikataka kuitikia, kama nilivyozoea mkekani.

"Alibonyeza," mtani akasema. "Yule mtoto alikuwaga hana mkono wa polepole. Si ndiye aliyeng'oa mpini wa friji lenu, akaubandika kwa gundi, ukaja kukutokea mkononi wewe, ukajilaumu wiki nzima?"

Nikamwona. Si yule wa mkekani. Nikamwona wangu, kasimama kando ya friji anakula andazi, ananisikiliza nikijilaumu, na mwisho wa wiki anasema mama, usijali, vitu vya siku hizi havidumu. Nikaanza kucheka pale dukani. Nilicheka mpaka nikashika meza ya fundi, na machozi yakaja, na sikujua yapi ni ya nini. Mtani alinishika bega, naye anacheka. Fundi alikwenda nje kutafuta maji ya kunywa.

Aliporudi alitupa njia. Alikuwa na ubao mwingine aliouchomoa kwenye kompyuta ya ofisi, na prosesa yake iko juu yake tayari, inafanya kazi. Fedha yetu haitoshi, ila atauchukua ule wa mwanangu, atoe vipande vinavyofaa, na hapo tutakuwa sawa. Nikamuuliza kama vile vipini haviwezi kunyooshwa. Vilivyolala pengine, akasema, vilivyokatika hapana.

Nilikuwa nimeapa kutotoa kitu. Nililivuta sanduku na ubao wake nikalikalisha mapajani. Niliyekuwa namtafuta alikuwa pale kwenye ile kona, dole gumba lake zima, kuliko mahali pengine popote ndani ya lile sanduku. Nikiutoa, kompyuta itawaka bila huo ubao. Nisipoutoa, nitabaki na kabati lisilo na rafu.

"Mpe," nikamwambia binti yangu. "Kaka yako kauficha mwaka mzima. Amechoka."

Fundi aliifunga, ikawaka siku ile ile, sebuleni kwetu kwenye televisheni, kwa sauti ya feni kama mtu anayepuliza chai. Binti yangu aliweka gemu la magari. Mtani alikuwa wa kwanza kuomba zamu baada yake, akaendesha moja kwa moja mpaka kwenye ukuta, akarudi nyuma, akaufuata ukuta ule ule. Nikamwambia ukuta huo si mzigo, hauwezi kubebwa. Akasema barabara imechorwa na Mzaramo, ndiyo maana inaishia ukutani. Mimi nilicheza nikawa wa mwisho kati ya magari yote, pamoja na yale yasiyo na watu.

Jumapili iliyofuata marafiki wa mwanangu walikuja kuiona. Waliingia kwa utaratibu, wakavua viatu, wakakaa kama watu waliokuja msibani, ingawa msiba ulishapita. Mmoja wao, mrefu, mwenye duka la chaja jirani na kibanda alichokuwa akifanyia kazi mwanangu, akaanza yale maneno: marehemu mikono yake ilikuwa ya dhahabu, hakuwahi kuharibu kitu cha mtu.

Nikamwambia aliharibu madabodi. Nikawaeleza vipini, kona, na dole gumba. Wakatazamana. Waliogopa kucheka mbele yangu, na waliogopa kunibishia.

Yule mrefu akakohoa. "Ile prosesa ilikuwa ya kwangu, mama."

Alisema mwanangu aliirudisha imefungwa kwenye gazeti, juu yake kaweka chipsi mayai za moto, akadai ni feki. Halafu akashindwa kula, akakiri. Akamwomba asimwambie mtu yeyote mtaani, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshajisifu kwa kila anayepita barazani kwamba mwanangu anaunda kompyuta, na huyu Mnyamwezi wa nyuma akisikia tu, mama atachekwa mpaka uzeeni.

Mtani, aliyekuwa bado anagombana na ukuta kwenye skrini, aliacha kila kitu akapiga makofi. Alisema kumbe mtoto alikuwa na akili, ni mkono tu uliomponza.

Nikamuuliza yule mrefu ni nini kingine mwanangu alichokuwa ananificha. Aliwatazama wenzake, wakaanza kusukumana mabega kama walivyokuwa wakifanya zamani wakija kumwita nje.

"Ni mengi, mama," akasema.

Nikamwambia binti yangu apunguze sauti ya gemu, nikavuta kigoda nikakaa karibu nao.