Milima ya Alpi Tuliyoipanda Kensington

Kabla ya habari ya buti kuna habari ya kioo. Nilikuwa mtoto bado, kwetu milimani juu ya Bukavu, na baba alinunua kabati la nguo lenye kioo kirefu mlangoni. Kabati lilibebwa na wajomba. Kioo baba hakumwamini mtu. Alikifunga mgongoni kwa kamba za mgomba akapanda nacho, mimi nyuma yake. Basi njia nzima sikuona mgongo wa baba. Niliona mawingu, niliona miti ikishuka wakati sisi tunapanda, na uso wangu mwenyewe katikati ya mbingu. Baba aliweka mguu polepole, kama anayeuliza jiwe kwanza, nami nikaweka pale pale alipoutoa yeye. Tulifika salama. Kabati lenyewe liliungua baadaye, lakini hiyo ni habari ya vita, tuiache.

Ninachotaka kusema ni kwamba nilijua kutembea nyuma ya mtu kabla ya kujua kusoma, na kusoma kwenyewe nilikuacha darasa la tatu. Sikujua kwamba kutembea ni kazi na kuna watu wanailipia. Hilo nilikuja kulijua uzeeni, hapa Johannesburg, mwaka 2015.

Nilikuwa nimechoka kulinda. Nimelinda maduka, nimelinda gereji, nimelinda hata kanisa letu la Yeoville, ambalo halikuwa na kitu cha kuibwa isipokuwa ngoma. Ndugu mmoja wa kanisani akaniambia kuna mzungu mtaa wa Kensington, anauza na kutengeneza viatu vya mlima, anatafuta mtu. Nikashuka kwa miguu asubuhi ya baridi, nyasi nyeupe kwa umande ulioganda.

Patron, yaani bosi, ndivyo nilivyomwita hadi mwisho, alikuwa amekaa kwenye kigoda, ndevu nyeupe, kikombe mkononi. Hakunitazama usoni.

"Vua viatu," akasema.

"Patron?"

"Vua, Mzee. Nataka kuona miguu."

Kiswahili chake alikitoa Moshi, alikoongoza watu Kilimanjaro ujanani. Kilikuwa safi kuliko cha wajukuu zangu waliozaliwa hapa, ambao nikisema leteni maji wanaleta, lakini wananijibu kwa Kizulu. Nikavua. Akainama akatazama vidole na visigino, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Miguu hii imetembea."

"Imekimbia pia, Patron."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Basi tutaifundisha kwenda polepole." Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Nilianzia mezani, kwenye soli. Buti la mlima lina soli nene yenye meno ya mpira; ikiisha hulitupi buti, unaibandua kwa moto mdogo, unasugua, unapaka gundi, unabana. Kazi nzuri, ila harufu ya gundi inakuletea ndoto mchana. Baadaye Meneja, Njeri, dada wa Kikenya aliyeshika hesabu na kila kitu ambacho Patron alikisahau, akanihamishia kazi ya pili: kulainisha. Buti jipya ni gumu, linakula kisigino. Wateja wetu walikuwa watu wa benki na ofisi, hawana nafasi ya kutembea. Kwa hiyo wenye mguu wa kipimo changu walinunua buti, nikalivaa mimi, nikazunguka nalo Kensington mpaka likubali kukunjika. Mama Furaha, mke wangu, alinicheka.

"Wenzako wanavaa viatu vyao vizee. Wewe unavaa vipya vya watu ili vizeeke!"

Sasa sikilizeni jinsi nilivyoingia kwenye milima yenyewe. Patron kwao ni Austria, kijiji cha bondeni katika Alpi, na kila mwaka, wakati huku ni baridi na kwao ni joto, alipeleka kundi la wateja wakapande kilele kilicho juu ya kijiji hicho. Kabla ya safari aliwafundisha hapa hapa. Njia ile yote ya kwao alikuwa ameikata vipande na kuvipanga juu ya Johannesburg. Ngazi za mawe za mtaani ndizo zilikuwa msitu wa misonobari. Lile tuta la mchanga wa mgodi upande wa La Rochelle, la njano, lililokuwa bado linakubali watu, ndilo lilikuwa theluji. Pale walijifunza kushuka kwa kisigino. Na koppie ya Kensington, kile kilima cha mawe, ilikuwa ukingo wa mwisho, mwembamba, wa kufunga kamba, unaopeleka kwenye msalaba. Maana kule kileleni wanasimamisha msalaba, na ukifika unampa mkono kila unayemkuta, hata humjui.

Mimi sijawahi kufika. Lakini nilipotembea peke yangu na buti la mtu, Patron alinituma, "Leo nenda mpaka kibandani," nami nilijua ni wapi: spaza, kiduka cha Msomali, juu ya ngazi. Kibanda kule kwao ni nyumba ya wapandaji, wanalala humo wakanywa supu. Nilikunywa soda yangu pale nikaona moshi wa asubuhi umelala bondeni kama wingu, nyumba zimezama, sauti ya teksi inatoka chini mbali, na eish, sikuwa tena Johannesburg wala Bukavu. Nilikuwa pale alipopasema. Mpaka leo nikifumba macho naijua njia ile: daraja la mbao, malisho ya ng'ombe wenye kengele, mawe yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe ili usipotee.

Kazi yangu ya tatu ilikuwa kushika mwendo, yaani kutembea mara tu baada ya kiongozi, ili wa nyuma wasimsukume. Hapo ndipo kuna desturi moja niwaeleze. Yeyote aliye kwenye kamba akisema "Turudi," wote wanageuka. Haulizwi sababu. Patron alisema mtu akizoea kuulizwa ataona haya, na mwenye haya atanyamaza siku asiyotakiwa kunyamaza. Bwana mmoja wa benki alisema "Turudi" tukiwa hata jasho hatujatoa. Tukageuka mpaka kwenye magari. Kumbe alibanwa na haja. Hakuna aliyecheka, ila Njeri, ofisini, mlango umefungwa.

Mwaka 2019 Patron alisema hii ndiyo safari ya mwisho. Angegusa msalaba wa kwao, halafu angeuza duka. Alilisema hilo kwa kila aliyeingia, hata kwa muuza mayai. Alikuwa amezeeka sana, na mimi si kijana, lakini uzee wake ulikuwa na kitu kingine. Njeri akaniita pembeni.

"Baba Furaha, jana ameniuliza kama kibandani wamefungua, aende akanywe supu. Nikadhani ni utani."

"Labda ni utani."

"Wewe ndiye unatembea naye. Ataongoza watu sita kwenye barafu. Mimi naandika tiketi tu, mguu wake siuoni. Ukiona kitu, sema."

Nikamwambia sawa. Nilitamani nisione.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari tukafunga kamba chini ya koppie. Patron mbele, mimi wa pili, wateja nyuma. Hewa ilikuwa kavu, nyasi za rangi ya simba, jua halina nguvu. Alipanda vizuri, niwaambie ukweli. Mguu wake uliimba. Tulipokaribia juu akasimama.

"Unasikia kengele?"

"Kengele gani, Patron?"

"Ng'ombe wa dada yangu. Wameshapanda malishoni, mapema mwaka huu."

Nikasikiliza. Chini kulikuwa na mbwa na teksi zikipiga honi. Uso wake ulikuwa na furaha kubwa, kama mtu aliyeona nyumbani kwao dirishani. Nami, Mungu ananiona, kidogo nikazisikia zile kengele.

Tukaenda. Juu ya koppie ile njia inapinda kushoto, kwenye jiwe pana. Kulia ni hewa tupu mpaka kwenye paa za watu. Nimeshapita na Patron pale mara nyingi. Siku hiyo alipinda kulia. Hakuteleza wala hakuyumba. Aliinua mguu kwa utulivu, kama anayejua, kwa sababu kule kwao, pale pale, njia inapinda kulia. Nilivuta kamba kwa mikono yote miwili. Akasimama, kisigino kwenye jiwe, kidole hewani, akanigeukia akinishangaa.

Nilijua nikisema naufunga mlima wake. Asipopanda mwaka huu hatapanda tena. Na nisiposema, kule mbele kuna barafu na watu sita waliofungwa kiunoni mwake.

"Turudi," nikasema.

Akatazama chini, akaziona paa, akaona gari jekundu na mtu anafua zulia uani. Ile furaha ikatoka usoni polepole. Hakuuliza.

"Turudi," akawaambia wateja.

Tukashuka. Watu hunilaumu kwa kumkatia mzee ndoto, wengine hunisifu, na wote hawakuwepo. Wale sita walisafiri, wakaongozwa na kijana wa kule kule, wakarudi wazima. Duka liliuzwa, nami nikaiacha kazi mwaka ule ule. Sasa nakaa Yeoville, magoti yanalia, na buti likipita mtaani nalitazama kabla ya kumtazama mwenyewe. Patron alimpigia Njeri simu mara moja, yuko kwa dada yake bondeni, anakula vizuri. Mlimani hapandi.

Lakini siku ile, tulipofika barabarani, alijifungua kamba kiunoni. Akaikunja duara kwa duara, bila haraka, kila duara sawa na lenzake, akanivisha begani.

"Umeona vizuri, Baba Furaha," akasema.

"Patron, twende dukani, Njeri ametengeneza chai."

"Nyinyi nendeni."

Robot, ile taa ya barabarani, ikawaka kijani. Akavuka na mabuti yake ya safari, ambayo niliyalainisha mimi, akashuka upande wa Bez Valley bila kugeuka, na dukani hakurudi tena.