Salamu Isiyoitikiwa

Bibi Maua wa Isevya aliigombeza televisheni kuliko alivyowahi kumgombeza binadamu yeyote, na huyo ni mtu aliyekwisha gombana na nusu ya mtaa. Mikeka alianza kusuka kabla hajavunja ungo, na binti zake wote aliwafundisha kwa kauli moja: "Tazama mikono yangu, funga mdomo." Hakuna aliyeelezwa kitu. Walitazama, wakajua. Lakini ukimwambia kwamba mtoto anaweza kujifunza kwa kutazama televisheni, utajuta kufungua kinywa. "Dude lile linalea watoto wasiojua hata kuamkia," alisema, na vidole vyake havikusimama.

Televisheni yenyewe ililetwa wakati wa Ramadhani na binti yake Ummy, muuza vitenge sokoni, aliyeiazima kwa binamu yake Majidi kwa ajili ya mwanawe Doto. Doto ana miaka sita. Homa iliyomchukua pacha wake Kulwa ilimwacha yeye hasikii, na maneno machache aliyokuwa nayo yakapotea. Mama akienda sokoni, mtoto hubaki barazani na bibi yake. Bibi alimpenda, hilo halina ubishi. Alimlisha, akamwogesha, akamsuka nywele. Kuzungumza naye ndiko alikokuwa amekata tamaa.

Katuni Doto hakuzijali. Alichokisubiri ni taarifa ya habari ya mchana, ambayo hata watu wazima wengi huikimbia. Alisogea mpaka pua ikaribie kioo, akamkodolea macho mkalimani wa pembeni anayesema kwa mikono. Kisha akaanza kuigiza. Kila asubuhi, bibi akitoka na ukili wake wa mikeka, mtoto alisimama mbele yake, akainua mkono, akafungua kiganja, akasubiri. Bibi alimsogeza kando kwa kiwiko. Jirani mmoja akanong'ona kwamba mtoto anarukwa na akili, na neno hilo likamchoma Maua kuliko alivyokubali kuonyesha. Akampigia simu mpwa wake Majidi aliyeko Tura: njoo ulichukue dude lako.

Majidi alifika Jumamosi. Alikuwa ameikumbatia televisheni, yuko nayo mlangoni, Doto ameng'ang'ania waya, alipobisha hodi Stela, mama wa Ulyankulu aliyekuja kuangalia mkeka wake umefikia wapi. Doto akaachia waya, akamgeukia mgeni, akafanya mikono yake ile. Stela akaweka mkoba chini, akamjibu kwa mikono. Mtoto akaganda.

"Amefundishwa na nani?" Stela akauliza. "Kaka yangu hasikii. Nyumbani tunazungumza hivi hivi."

"Anaigiza watu wa kwenye televisheni tu," Maua akasema, haya imemshika. "Kila asubuhi ananifanyia mambo hayo."

"Haigizi, mama. Anakusalimia."

Maua akautazama ukili mikononi mwake. Tangu Ramadhani mpaka leo, kila asubuhi iliyokucha. Na ni yeye huyu aliyewahi kumrudisha mtoto wa watu kutoka barabarani kwa kosa la kupita bila shikamoo. Aliona aibu.

"Na kuitikia?" akauliza. "Huitikiwa vipi?"

Stela akamwonyesha mara moja. Maua akaweka ukili sakafuni, jambo ambalo Majidi hakuwahi kuliona mchana kweupe, akainua mikono yake na kuitikia. Kidole kimoja kilikosea. Doto akakishika, akakinyoosha, akamtazama usoni.

"Sasa shangazi, niondoke nayo au nisiondoke nayo?" Majidi akauliza. Mikono ilikuwa inamuuma.

"Irudishe mezani. Kusalimia imemfundisha," Maua akasema. "Kuitikia ndiko isikokuweza."

Doto akarudi nyuma hatua tatu, akasimama vizuri, akasalimia upya. Bibi akaitikia. Akasalimia tena. Mpaka adhuhuri inaadhiniwa alikuwa bado anasalimia, na Maua hakuiacha hata moja ipite. Mkeka wa Stela haukuongezeka hata uzi siku ile.