Kupe wa Siku ya Wakwe

Mtaani walimwita Mama Kupe, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kufuga kupe katika maabara ya mifugo. Aliwatia kwenye kifuko cha kitambaa kilichofungwa sikioni mwa sungura, wakanyonya hadi wakavimba kama maharage, kisha wakaanguka wenyewe. Hapo aliwapasua chini ya hadubini, akatoa utumbo ili vichunguzwe vimeng'enya vinavyosaga damu. Ni kazi ya mkono mtulivu. Siku hizi nani ana utulivu? Watu wanataka kubonyeza mashine na kwenda nyumbani.

Binti yake wa pekee alikuwa ameposwa na fundi redio, kijana wa ufundi unaokufa, maana sasa kikiharibika kitu kinatupwa. Kijana hakuwa na wazazi. Alilelewa na shangazi yake, na neno la shangazi ndilo lingefunga ndoa au kuivunja. Shangazi alitoka mbali, akafika juzi, akalala hapo hapo kwa Mama Kupe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Mchana ule alikuwa anaongezewa chakula kwa furaha, huku binti akishindwa kumeza hata tonge kwa wasiwasi.

Simu ikalia. Zamani, wakwe wakiwa sebuleni, mwenye shida alipiga hodi akangoja nje. Simu haina adabu hiyo.

Aliyepiga alikuwa mwenzake Mama Kupe wa zamu pale maabara. Mama Kupe akakimbilia jikoni, na kwa kuwa mawasiliano yalikatakata, akapaza sauti.

"Bado wapo? Siku zote hizi wananyonya tu, hawatosheki? Na yule mnene je? Tumbo limejaa na bado habanduki? Usimvute! Ukimvuta, mdomo utabaki. Mwache ashibe, ataondoka mwenyewe. Kupe ni kupe tu!"

Sebuleni kijiko kikaanguka kwenye sahani.

Mama Kupe aliporudi, alimkuta shangazi amepiga magoti, anatafuta kiatu chake chini ya kiti. Binti alikuwa analia.

"Shangazi, unakwenda wapi na chai bado?"

"Nabanduka mwenyewe, mama. Usinivute, mdomo utabaki."

Mama Kupe akaduwaa. Kisha akaelewa, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, jambo lililoharibu zaidi.

"Kumbe kupe wa nyumba hii ni mimi!" shangazi akafoka. "Na zawadi nimeleta!"

"Shangazi wee, kupe ninaowasema wana miguu minane. Maabara ni hapo nyuma tu. Twende ukawaone. Ukibaki na hasira, mkoba wako naubeba mimi mpaka stendi."

Wakaenda wote, shangazi mbele, kiatu kimoja hakijafungwa. Mama Kupe akafungua kifuko. Kupe mnene, wa rangi ya kijivu, akabingiria kwenye sinia.

"Huyu ndiye uliyekuwa unamsema?" shangazi akauliza, sauti imeshuka.

"Ndiye. Kabanduka sasa hivi. Mbu akinyonya, damu husagwa tumboni kwa haraka. Huyu hana papara. Seli za utumbo wake humeza damu kidogo kidogo na kuisaga humo humo ndani yao. Ataishi nayo muda mrefu, ataitumia kutengeneza mayai, akishataga atakufa."

"Atakufa? Sasa shibe yote hiyo ya nani?"

"Ya watoto wake."

Shangazi akainama, akamtazama kwa makini. "Basi umenisingizia bure, bibi weee. Mimi mtoto nimemlea wa kaka yangu, na nilichokula nimekula mwenyewe." Akacheka, sungura wakashtuka. Kisha akamgeukia binti. "Futa machozi, mwanangu. Mchukue fundi wako. Lakini mwambie mama yako asihangaike kunivuta, sibanduki hapa mpaka harusi ipite."

Binti akacheka, na papo hapo njaa ikamkamata. Waliporudi, alimaliza sahani yake na ya shangazi.

"Haya," shangazi akasema, "sasa kupe ni nani?"